Safari Yangu ya Msitu wa Karura

Nataka niwasimulie wasomaji habari za safari niliyoifanya mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, kwenda kuutazama msitu wa Karura ulio kando ya mji wa Nairobi. Najua wako watakaosema, "Mtu wa Taita aenda Nairobi kutazama miti? Kwao hakuna miti?" Miti iko. Na hiyo ndiyo iliyonipeleka.

Yanipasa kwanza nikiri jambo. Miaka ishirini na miwili iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, twaliletewa miche ya bure shuleni siku ya kupanda miti. Ilikuwa mikaratusi. Nami naliwaongoza watoto wa darasa la sita na la saba, tukaipanda kandokando ya chemchemi iliyo chini ya shule, mahali ambapo akina mama wa kijiji huteka maji. Twalichagua pale kwa sababu udongo ulikuwa na unyevu, wala hatukutaka taabu ya kumwagilia. Bibi mmoja mzee aliyekuja kuteka maji alisimama akatutazama, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mti huo mwaujua?" Nikamjibu kwa adabu ya kwamba ni mti mwema, waota upesi. Akajitwika mtungi wake akaenda zake.

Leo miti ile imebaki sitini na mitatu, nayo ni mirefu kuliko paa la kanisa. Chemchemi, katika miezi ya kiangazi, ni tope tu. Sisemi ya kwamba mvua nazo hazikupungua, maana zimepungua. Lakini chemchemi nyingine mbili zilizo mlima ule ule, zisizo na mikaratusi, bado zatoa maji. Bibi yule amekwisha kufariki, nami sikupata kumwambia neno. Basi niliposikia ya kwamba huko Karura wanaiondoa mikaratusi na kuirudisha miti ya asili, nalitamani kuona kwa macho yangu jinsi kazi hiyo ifanywavyo.

Nalipanda treni pale Voi, nayo ikanipitisha katikati ya mbuga ya Tsavo. Nchi ilikuwa kavu na nyekundu, na ndovu wamejipaka vumbi hata wakafanana na udongo wenyewe. Alasiri twalifika kituo cha Syokimau. Habari za mji sitaziandika, maana wasomaji wengi wanaujua, na wasioujua hawakupungukiwa na kitu. Nalilala kwa mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuoni, naye alfajiri ya siku ya pili akaniongoza mpaka lango la msitu lililo katika barabara ya Limuru.

Msitu wa Karura ni mali ya taifa. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na ukubwa wake ni hekta 1,041, yaani ekari zaidi ya 2,500. Barabara mbili kubwa, ya Limuru na ya Kiambu, zimeukata vipande vitatu. Upande mmoja uko Gigiri, zilipo ofisi za Umoja wa Mataifa. Pande nyingine ziko Muthaiga na Runda, makao ya matajiri. Na katikati ya matajiri hao, ukiangalia vema, viko vijiji vya mabati kama Huruma na Githogoro. Msomaji ashike habari hii ya vijiji, nitairudia.

Mito ya Ruaka, Karura na Gitathuru yapita humo. Maji yake mwishowe huingia mto Athi, nao ukishuka nchi za chini huitwa Galana, na kule karibu na Malindi huitwa Sabaki, ndipo uingiapo baharini. Kwa hiyo mtu wa Malindi aonapo bahari yake imekuwa nyekundu kwa udongo, asidhani ya kwamba misitu ya bara haimhusu.

Tulipokwisha kulipa ada tukaingia. Hatua mia mbili tu, na makelele ya motokaa yakafifia, tukasikia hondohondo wakipiga mabawa juu ya miti kwa mshindo kama mtu akung'utaye mkeka. Njia ni pana na safi, na penye kila njia panda pana nguzo yenye nambari, hata mgeni hapotei. Twalipishana na watu wa kila namna: wazee waliofuata shauri la daktari wakitembea polepole, vijana wa baiskeli, mama na mtoto mgongoni, na wazungu wawili waliokuwa wakikimbia kana kwamba wamefukuzwa.

Mwenzangu alinionyesha muhugu, ambao watu wa pwani huuita muhuhu. Ngozi yake ni ya kijivu, imepasukapasuka, na mti wenyewe haunyooki sana wala hauvutii jicho. Lakini ubao wake ni mgumu ajabu, mchwa hauwezi. Ndio mti ambao wachongaji wa Ukambani na wa Mombasa wameupenda kwa vinyago vyao, hata ukapungua sana katika misitu mingi. (Twiga wa mbao aliye mezani pangu nyumbani, niliyenunuliwa na wanangu kwa mapenzi, pengine alikuwa muhugu. Tangu siku ile simtazami kwa furaha ile ya kwanza.) Mti huu hukua polepole mno, apandaye muhugu leo awapandia wajukuu. Tena mbegu zake nyingi hazioti. Karibu yake palikuwa na mukinduri, mtarakwa na muringa, na miti mingine ambayo mwenzangu aliijua kwa Kikikuyu tu, nami nikaijua baadhi yake kwa Kitaita, tukacheka.

Twalishuka hata maporomoko ya mto Karura, ambapo maji yaruka mwamba na kuangukia ziwani kwa mvuke. Si mbali na hapo yako mapango ambayo husemwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950. Nalichungulia ndani: giza, unyevu, na popo. Hapo tukaketi juu ya benchi, na mwenzangu, ambaye mwaka 1999 alikuwa kijana chuoni Nairobi, akanikumbusha habari ambayo wengi wetu twaijua nusu nusu.

Mwaka 1998 ilijulikana ya kwamba vipande vikubwa vya msitu huu vimegawiwa watu binafsi na makampuni ili wajenge majumba, na ndani ya msitu miti ilikuwa imekwisha kufyekwa. Aliyesimama mbele ya watu wote kupinga jambo hilo ni Profesa Wangari Maathai, ambaye tangu mwaka 1977 alikuwa amewafundisha akina mama wa vijijini kuotesha miche na kupanda miti. Mwezi wa Oktoba mwaka 1998 waandamanaji waliingia msituni, na mitambo ya wajenzi ikateketezwa kwa moto. Sisifu moto ule, bali ndivyo ilivyokuwa. Kisha tarehe 8 Januari 1999 Bibi Wangari akaenda tena pamoja na kikundi cha watu, wabunge wakiwamo, wamechukua miche wapate kuipanda penye lango. Wakakutana na kundi kubwa la walinzi wenye mapanga, marungu na mijeledi. Wakapigwa. Yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi damu ikimtoka, akaandikisha mashtaka yake, na palipotakiwa sahihi akatia alama kwa damu yake mwenyewe.

Mwezi ule ule wanafunzi wa vyuo wakatoka barabarani kwa ajili ya msitu, na mwenzangu alikuwa mmoja wao; kovu la mguu wake ni la siku ile, ingawa akiri ya kwamba alijikwaa mfereji alipokuwa akikimbia. Tarehe 16 Agosti mwaka 1999 Rais Moi akatangaza kupiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Hivyo msitu ukapona.

Je, ulipona kweli? Hapa ndipo nalipojifunza jambo nisilolijua. Nalidhani ya kwamba tangu tangazo lile mambo yalikuwa mema. Mwenzangu akatikisa kichwa. Akasema ya kwamba miaka kumi baada ya hapo yeye mwenyewe hangeweza kukaa juu ya benchi lile, kwanza kwa sababu benchi halikuwapo, pili kwa sababu angenyang'anywa viatu. Wanyang'anyi walikaa humo, na maiti zilitupwa humo usiku. Wachoma makaa na wakata miti waliingia watakavyo. Raia mwema alizunguka msitu kwa mbali. Na msitu ambao watu wema hawauingii, nani atajua ya kuwa kipande chake kimemegwa? Ule unyakuzi wa kwanza uliwezekana kwa sababu iyo hiyo: miti ilifyekwa ndani, na kwa nje watu waliona ukuta wa majani tu.

Sheria mpya ya misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wakaao kando ya misitu waunde vyama na kushirikiana na serikali katika kuitunza. Kwa Karura chama kilianza mwaka 2009. Wakaazi matajiri walitoa fedha na watu wa vile vijiji vya mabati wakatoa vijana. Uzio wa umeme ukajengwa kuzunguka sehemu kubwa, na baadhi ya vijana ambao zamani waliogopwa kama adui wa msitu wakafundishwa kuulinda, wakapewa sare na mshahara. Wanawake wakapewa haki ya kuokota kuni zilizoanguka kwa utaratibu, na wengine kazi katika bustani ya miche. Mwaka 2011 lango la barabara ya Limuru likafunguliwa kwa watu wote. Bibi Wangari alifariki tarehe 25 Septemba mwaka uo huo. Alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Lakini lililonigusa zaidi ni jeneza lake, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, basi likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji.

Baada ya kula viazi tulivyochukua, nikamwambia mwenzangu, sasa nipeleke kwenye mikaratusi.

Twalitembea kama saa moja. Pole pole msitu ukabadilika. Vichaka vikapungua, ndege wakanyamaza, tukaingia mahali penye miti myeupe iliyonyooka kama nguzo za simu, safu kwa safu, na chini yake majani makavu yakivunjika miguuni. Mikaratusi ililetwa nchini kutoka Australia mwanzoni mwa karne ya 20 ili treni za zamani zipate kuni. Katika Karura miti ya asili ilikatwa mahali pengi, na mahali pake ikapandwa hiyo pamoja na misonobari na miti mingine ya kigeni, ikawa shamba la mbao. Mtu apitaye barabarani aliona kijani akasema, huu ni msitu. Nami ndivyo nilivyosema siku ile kwenye chemchemi yetu.

Nalisimama pale muda mrefu kuliko penye maporomoko. Nalihesabu miti mpaka sitini na mitatu, nikaacha.

Mbele kidogo palikuwa peupe, visiki tu, na kati ya visiki hivyo miche midogo, kila mmoja na kijiti chake. Si ajabu mpita njia aonaye lori la magogo likitoka katika msitu wa taifa akadhani ya kwamba wanyakuzi wamerudi. Mimi mwenyewe moyo ulinishtuka. Tulimkuta mfanyakazi mmoja, mtu wa makamo mwenye jembe, naye akatueleza kwa subira kama mwalimu, hata nikaona haya kwamba mimi ndimi niitwaye mwalimu.

Kwanza, hawakati yote mara moja, maana ardhi tupu huchukuliwa na mvua. Hukata kipande kwa kipande. Pili, kuukata mkaratusi si kuuua. Kisiki huchipua, na machipukizi hukua kwa haraka kuliko mti wa kwanza, maana mizizi iko tayari. Yapasa kuyakata tena na tena mpaka kisiki kichoke. Tatu, huwezi kupanda muhugu peke yake katika jua kali ukategemea kusifiwa. Hutangulizwa miti ikuayo upesi, kama mukinduri, iupe kivuli, na wa polepole hufuata chini yake. Nne, kupanda ni kazi ya siku moja, kupalilia ni kazi ya miaka. Yako magugu ya kigeni, kama lantana ile yenye maua ya rangi rangi ambayo wengi wetu tumeifanya ua wa nyumba, ambayo hufunika mche katika majira moja ya mvua. Mtu yule alisema ya kwamba wageni wengi huja kupanda na kupigwa picha, nao ni watu wema, lakini hajaona mgeni aliyekuja kupalilia.

Neno hilo lilinichoma, maana nami nalipigwa picha siku ile, nayo iko ofisini mpaka leo.

Mahali palipopandwa miaka kadhaa iliyopita palikuwa tayari vichaka vizito. Mfanyakazi yule alituonyesha miche ambayo haikupandwa na mtu: ndege walikula matunda mahali pengine wakaziangusha mbegu hapo. Hawawezi kufanya hivyo katika shamba la mikaratusi, maana hawana la kulifuata huko. Juu ya miti mirefu ya pembeni tuliona mbega wanne, weusi na mabega meupe, wametulia kama wazee wa baraza. Walikuwa wametoweka humo kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2014 wengine wakaletwa kutoka Kipipiri, ambako vipande vya msitu walivyokaa vilikuwa vikimalizika katikati ya mashamba.

Sitaki msomaji adhani ya kuwa huko Karura mambo yote ni laini. Kazi ya kuondoa mikaratusi bado ni kubwa. Uzio huhitaji kutengenezwa daima. Mwaka 2025 kulikuwa na mvutano mkali juu ya ada ya kiingilio, ipokelewe na nani na itumiwe vipi, hata mambo yakafika mahakamani. Tena ada yenyewe, ingawa si kubwa kwa mtu wa mshahara, familia ya kibanda cha mabati yenye watoto watano itaihesabu mara mbili. Nalimwuliza mwenzangu juu ya hilo. Akasema ndivyo, nalo ni neno la kuangaliwa. Lakini alisema pia ya kwamba mvutano ule wa ada ulimpa furaha kidogo, kwa maana mwaka 1998 watu wachache mno walijua lililokuwa likitendeka humo, na sasa shilingi moja ikihama mfuko, mji mzima wapiga kelele.

Katika treni ya kurudi nalikuwa na kitabu cha Bibi Wangari cha maisha yake mwenyewe. Humo asimulia ya kwamba utotoni kwao Nyeri palikuwa na mugumo mkubwa ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, na karibu yake kijito alichochezea. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Mama yake hakuwa na elimu ya darasani, wala bibi yule wa kwetu hakuwa nayo. Wote wawili walijua mti upi ukae karibu na maji. Mimi nalikuwa na cheti cha ualimu, wala sikuuliza.

Niliporudi nyumbani nalikwenda kwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule, nikamwambia nataka miti ile ikatwe. Akafurahi sana, kumbe kwa sababu nyingine: miti sitini na mitatu ya umri ule ina bei, na shule yadaiwa. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa nguzo. Nikamweleza habari za visiki, na kupalilia, na mukinduri, na ya kwamba fedha ya miti ile, au sehemu yake, iwalipe watakaoitunza miche kwa miaka mitano. Furaha yake ikapungua. Akaniuliza ni nani atakubali kulipwa ili atazame miti ikikua.

Nikamjibu, wale watekao maji. Hakupata kuwaalika kwenye mkutano wa halmashauri, wala mimi sikupata kuwaalika, kwa miaka ishirini na miwili. Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Nimekwisha kupita nyumba kumi na saba nikiwapa habari, na katika nyumba ya kumi na nane, iliyo ya binti wa marehemu bibi yule, nalikaribishwa chai. Nikamsimulia yote, tangu siku ya mitungi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja, tena atakuja na panga lake.